Kunyoa ndevu na mashine ya wembe bila kujichana uso

Mara ya kwanza kunyoa na mashine ya wembe nilikuwa nawahi sendofu ya shemeji yangu Tabata, nikafika ukumbini na vipande vitatu vya tishu vimeganda kidevuni, mama mkwe akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Baba Salma, umegombana na nani?" Nikacheka, ila moyoni niliumia maana ile mashine nilikuwa nimeshaisifia nyumba nzima. Saivi ni mwaka wa sita natumia hiyo hiyo, nikijikata ni mara mojamoja tena nikiwa na haraka, kwahiyo wacha niwaandikie nilivyokosea na nilivyokuja kupatia, maana vijana wengi naona wanaanza palepale nilipoanzia mimi, wanahangaika na wembe gani mkali, wakati kazi yenyewe iko kwenye maji.

Nikisema mashine ya wembe simaanishi ile ya umeme ya kinyozi. Nasema ile ya chuma ya wazee, ina mkono na kichwa kinachofunguka, unaweka wembe mmoja wa kawaida wa pande mbili, huo huo ambao fundi cherehani anaufumulia mishono. Aliyeileta ni Mmarekani, King Camp Gillette, hataza yake ilitoka 1904, ila jamaa alikuwa muuzaji tu, aliyeumiza kichwa kupata bati jembamba namna ile na bado lishike makali ni injinia mmoja, William Nickerson. Mwaka wa kwanza sokoni, 1903, waliuza mashine 51 tu (we unayelalamika duka halisogei, jipe moyo). Na mpaka leo ujanja ni ule ule: wembe wenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita unabanwa katikati ya vyuma viwili mpaka unapinda kidogo, ukipinda unakakamaa, makali yanachungulia kidogo tu pembeni.

Kwanini ujisumbue wakati kuna za plastiki? Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili sababu ipo. Zile za nyembe mbili, tatu mpaka tano kwenye kichwa kimoja, wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ukiwa bado umevutwa, alafu unywele unarudi ndani, chini ya ngozi. Mtu mwenye nywele zilizonyooka kwake raha, uso unateleza. Wa kwako wewe unaota umejikunja, ncha imechongwa kama sindano, unatoboa ngozi pembeni au unatoka nje unajikunja unarudi kuingia, na hicho ndo kipele chenyewe. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, hauzami. Sikudanganyi, hii sio dawa ya vipele, ukiitumia vibaya itakuletea vingine vipya, ila inakupa nafasi.

Kama saivi uso umejaa vipele vyenye usaha au una asili ya kuota makovu yanayovimba, usianze leo. Acha ndevu ziote wiki tatu nne hivi mpaka nywele zilizonasa zitoke zenyewe, na vikizidi nenda kamuone daktari wa ngozi. Wapo wanaume ambao ngozi zao hazitaki wembe kabisa, hao wapunguze na mashine ya umeme waache kivuli, hamna aibu.

Vitu vya kutafuta

Mashine nenda Kariakoo kwenye yale maduka yanayouzia vinyozi, yenye mashine za umeme, vitambaa vya shingoni na chupa za kupulizia maji. Bei usiniulize, muuzaji anakuangalia usoni kwanza ndo anataja. Ila kabla hujatoa hela fanya hivi: mwambie afungue, weka wembe, kaza, alafu ishike kwenye mwanga uitazame kwa juu. Makali yanayochungulia kulia na kushoto yawe sawasawa. Kama upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, fungua uweke upya, bado ikiwa hivyo hivyo irudishe, hiyo upande mmoja utakuwa hainyoi na mwingine inachinja. Kaza na ulegeze mara mbili tatu usikilize kama nati inashika vizuri. Iwe nzito kidogo mkononi, nyepesi sana zinakufanya ugandamize.

Nyembe ziko duka la Mangi yeyote, unanunua kwa sarafu. Chukua zilizoandikwa chuma kisichoshika kutu, na mwanzo usinunue pakiti kubwa, chukua aina mbili tofauti moja moja ujaribu, maana wembe unaompenda rafiki yako wewe unaweza kukukwaruza tu. Brashi ni nzuri ila vidole vinatosha kuanzia. Na tafuta shabu, yale mawe meupe yanayong'aa kama barafu ambayo bibi zetu walikuwa wanachujia maji na watu wanapaka kwapani, wauza dawa za asili wanayo.

Wembe ni wako peke yako, umenisikia. Sio wa mdogo wako, sio wa rafiki aliyelala kwako wikiendi. Damu kidogo usiyoiona inatosha kupitisha homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mashine mnaweza kuazimana kama imeoshwa vizuri sana, lakini kwanini.

Hatua ya kwanza: tia maji

Sote tumekua tukiambiwa ukiona mwenzio ananyolewa, tia maji. Tunausema kama wa kuonyana, lakini kaa uufikirie kama maelekezo ya kazi, aliyeutunga alikuwa anajua kunyoa. Unywele mkavu ni kama waya. Ukikaa na maji dakika mbili tatu unayanywa, unavimba, unalainika, wembe unapita bila kuvuta. Mimi siku ile ya sendofu nilijimwagia maji ya viganja viwili, nikapaka sabuni, nikaanza, hata nusu dakika haikufika. Zile tishu tatu ndo malipo yake.

Kwahiyo oga kwanza, na ukitoka bafuni uso usiufute. Kama huogi, lowesha taulo dogo lifunike uso dakika tatu, huku unasoma meseji zako. Watu wa baridi huko wanachemsha maji, Dar hapa maji ya bombani saa nane mchana yenyewe karibu yanachemka, usijisumbue.

Shida ya Dar sio moto wa maji, ni chumvi. Nilipohamia Kigamboni nikawa natumia maji ya kisima cha jirani, ndevu zile zile, wembe ule ule, sabuni ile ile, ghafla nikaanza kukwaruzika shingo nzima nikadhani nimeuziwa nyembe feki. Kumbe sabuni ilikuwa haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyochacha, inabaki utando mweupe unaonata usoni na hauteleshi chochote. Ukiona sabuni inafanya hivyo jua ni maji. Tenga chupa ya nusu lita ya maji ya bomba au ya mvua, au hata ya kunywa, iwe ya kunyolea tu, nusu lita inatosha kabisa kulowesha, kutengeneza povu na kusuuza mashine kwenye kikombe. Na ukikosa hata hiyo, kuna ujanja: kondishena ya nywele ya mama watoto. Haitoi povu ila inateleza hata kwenye maji ya chumvi. Muombe kwanza, ni ghali kuliko unavyodhani.

Hatua ya pili: jua ndevu zako zimelala wapi

Hii watu wengi wanairuka. Acha ndevu siku mbili tatu, alafu pitisha vidole kila upande. Upande unaoteleza ndo zinakolala, upande unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni karibu kila mtu zinalala kwenda chini, shingoni ndo maajabu, za kwangu upande wa kulia zinapanda juu na kushoto zinaelekea sikioni kama zimegombana. Kama huhisi vizuri na vidole tumia pamba, pamba itanasa ukienda kinyume. Ikishindikana kabisa piga picha shingo yako uchore mishale, mimi nilichora na sikuona aibu.

Hatua ya tatu: povu

Sabuni ya mche achana nayo, ni ya nguo, itakukausha uso mpaka ukunjamane. Sabuni au krimu ya kunyolea ndo yenyewe, zipo supamaketi. Weka kidogo, maji kidogo, zungusha, ongeza maji matone matone. Unataka povu zito kama mtindi, linalong'aa, sio mapovu makubwa kama ya beseni la kufulia maana yale ni hewa tupu. Paka kwa kuzungusha ili nywele zisimame, malizia kwa kulalisha. Likianza kukauka katikati ya kazi usilazimishe, lowesha upake tena.

Hatua ya nne: kuweka wembe

Fungua mkono, toa kifuniko cha juu. Wembe unashikwa kwa zile ncha fupi mbili ambazo hazina makali, usije ukaushika kwa ubavu. Uweke kwenye vile vidude vya kifuniko, rudisha sahani ya chini, geuza kichwa kiangalie chini ndo ukaze mkono. Usiulegeze kamwe wakati unanyoa. Hakikisha tena makali yako sawa pande zote mbili. Basi.

Hatua ya tano: kunyoa kwenyewe

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu. Kweli kabisa, mashavu tu, kidevu na shingo malizia na kile ulichozoea. Shavu ni uwanja wa mpira, kidevu ni ngazi za gheto.

Sasa pembe. Weka kichwa cha mashine kibapa shavuni, mkono wake umenyooka kutoka usoni kama msumari uliogongwa ukutani. Hapo haikati kitu, ni kifuniko tu kinagusa. Anza kuushusha mkono taratibu huku unavuta kidogo kidogo kuelekea chini, kuna mahali utasikia nywele zinaanza kukatika, simama hapo hapo. Ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, lakini nani anapima, sikiliza sauti. Ikiwa sawa utasikia kama mtu anakwaruza karatasi kwa kucha, mbali kidogo. Kimya maana yake umeinua sana, na kama inavuta inauma umelaza sana.

Na usigandamize. Hili ndo kosa kubwa kuliko yote baada ya maji, kwa sababu zile za plastiki zimetuzoesha kukandamiza kama unapiga pasi. Shika mwisho wa mkono kwa vidole vitatu, kama unavyoshika kikombe cha kahawa ya moto kijiweni, uzito wa chuma wenyewe ndo unanyoa, wewe unaongoza njia tu. Ukiona unahitaji nguvu, ama wembe umekufa ama hukutia maji ya kutosha, na mara nyingi ni la pili.

Vuta mivuto mifupi, sentimita moja mbili, kufuata zinakolala. Baada ya mivuto michache geuza upande wa pili wa wembe, pande zote mbili zikijaa povu suuza kwenye kikombe. Usitelezeshe kwenda ubavuni hata mara moja, yaani kushoto kulia kama unakata mkate, hapo ndo unapasuka mstari mrefu. Na usirudie mahali pasipo na povu.

Kidevu na sharubu acha mwisho, nywele zake ni nene, zipate muda wa kulowana zaidi. Kwenye kona ya taya usipite kwa mvuto mmoja kutoka shavuni mpaka shingoni, simama kwenye mfupa, badilisha pembe, anza upya. Kidevuni mivuto iwe midogo kama ya kuku anayedonoa. Juu ya mdomo shusha mdomo ufunike meno, ngozi itakaa sawa. Kwenye koromeo sogeza ngozi kidogo pembeni kwa kidole ili unyoe pasipo na mfupa, ukimaliza iachie irudi. Ila mwenye vipele asivute ngozi ikakaza kama ngoma, ukiivuta sana unywele unakatwa umetoka nje kupita kiasi, ukiachia unazama, tumerudi kulekule kwenye zile za plastiki.

Kipele usipite juu yake, kizunguke. Utabaki na nywele tatu pale, zitakufanya nini.

Alafu acha. Mmoja tu, mzunguko mmoja kufuata zinakolala, suuza, nenda. Utajipapasa utasikia bado kuna vikwaruzo na utatamani kurudia kinyume ili iwe laini kama ya mtoto, mimi nilitamani, nikarudia, siku ya tatu shingo yangu ilikuwa kama gunzi la muhindi. Miezi ikipita na ngozi ikikubali unaweza kupaka povu tena upite kwa kukatisha zinakolala, kinyume mimi sipiti mpaka leo.

Hatua ya sita: baada ya hapo

Maji ya baridi mengi. Alafu chukua shabu, iloweshe, ipitishe uso mzima taratibu. Inakaza ngozi na inazuia vidamu vidogo, na pia inakusomea matokeo: panapowaka ndo ulipogandamiza, kesho kutwa hapo uwe mpole. Kaa nayo dakika moja, suuza. Penye mchaniko hasa bandika tishu safi bana dakika mbili bila kuchungulia chungulia. Spiriti ya saluni, ile ya kuruka na kupiga kelele, inakausha ngozi tu, mimi niliiacha, na dawa za kuua vijidudu za chupani usipake kavu kavu usoni, zinaunguza. Malizia na mafuta mepesi au losheni isiyo na manukato makali.

Muda mzuri ni usiku. Ukinyoa asubuhi alafu ukabanwa kwenye mwendokasi saa moja, jasho la Dar lina chumvi yake na hiyo ngozi ni mbichi, mpaka ufike Posta shingo inawaka moto na kola ya shati inamalizia. Usiku unanyoa, unalala, asubuhi unaosha tu uso. Kingine, usiku hata umeme ukikatika unanyoa na taa ya simu, wale wa saluni wamekaa nje wanapiga stori.

Kutunza

Wembe usiufute na taulo, unaharibu makali na unaweza kukata vidole. Suuza na maji yasiyo na chumvi, kung'uta, weka mashine mahali pakavu penye hewa, sio bafuni. Pwani hapa unyevu unakula chuma mchana kweupe. Wembe mmoja mimi nanyolea mara nne, wako ukianza kuvuta kabla ya hapo tupa, usibanie kitu cha sarafu. Mashine yenyewe kila mwezi ifungue uisugue na mswaki wa zamani na sabuni, ikiwa na ukoko mweupe wa maji ya chumvi iloweke kwenye siki kidogo na maji, dakika chache tu.

Kipara usikijaribu mpaka ukae nusu mwaka na ndevu. Kisogo hukioni.

Mwisho ni nyembe zilizokwisha, na hapa naomba msinielewe vibaya, nakuwa mkali. Usitupe wembe kwenye mfuko wa taka. Vijana wanaopita na mkokoteni kuzoa taka wanaikamata ile mifuko kwa mikono mitupu na kuikumbatia kifuani. Marekani nyumba za zamani walikuwa wanaacha tundu kwenye kabati la dawa bafuni, unatumbukiza wembe unadondokea ndani ya ukuta, huko huko unabaki, mafundi wanaobomoa leo wanakutana na marundo ya kutu. Sisi kuta zetu za tofali haziruhusu, kwahiyo chukua kopo la maziwa ya unga, kifuniko kibane na gundi, pasua mstari mwembamba juu, wembe ukiisha unatumbukiza kama kibubu. La kwangu liko juu ya kabati la vyombo, nimeandika HATARI kwa maka nyekundu pande zote baada ya mama Salma kulitikisa siku moja akidhani naficha hela, mwaka wa sita huu na halijafika hata nusu.